Kuisikiliza Complete Communion ya Don Cherry: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Jazi Huru

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anapokutana na neno jazi, kumbukumbu yake humpeleka kwenye bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kule Kinshasa, O.K. Jazz ya Franco. Huo ni muziki wenye magitaa, wenye mashairi, na wenye mahali panapojulikana pa kuinuka na kucheza. Jazi huru ya Marekani ya miaka ya 1960 ni jambo jingine kabisa, na wengi wanaoijaribu kwa mara ya kwanza huizima kabla ya dakika ya 5, wakiamini kwamba wamewasikia watu wanne waliofungiwa chumba kimoja, kila mmoja akipiga lake. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuizima namna hiyo, na pia wa yule anayetaka kuanza bila kufika huko.

Nimechagua albamu moja tu, kwa sababu kumpa mgeni orodha ya albamu 20 ni kumchosha kabla hajaanza. Albamu hiyo ni Complete Communion, iliyoongozwa na mpiga tarumbeta Don Cherry na kurekodiwa tarehe 24 Desemba 1965 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Blue Note. Urefu wake ni kama dakika 40, na ina vipande viwili pekee, kimoja kwa kila upande wa santuri. Naamini kwa dhati kwamba albamu hii haimdai msikilizaji elimu ya muziki, inamdai kumbukumbu. Imejengwa kwa melodi nane fupi, na mtu anayezishika melodi hizo hadi akaweza kuziimba akiwa anakatakata vitunguu jikoni hatausikia tena muziki huu kama kelele. Hatua zote zitakazofuata zinaelekea hapo.

Kwanza, wajue watu hawa wanne

Don Cherry alizaliwa Oklahoma City mwaka 1936 na kukulia Los Angeles, katika mtaa wa Watts. Jina lake lilianza kusikika akiwa pamoja na Ornette Coleman, mpiga saksafoni ambaye mnamo Novemba 1959 aliingia na kundi lake katika ukumbi wa Five Spot mjini New York na kuwagawanya wanamuziki wa mji ule, wengine wakimsifu, wengine wakisema hajui kupiga. Alichokifanya Coleman kinaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika jazi iliyozoeleka wakati huo, wimbo ulikuwa na kodi, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, na kodi hizo zilizunguka kwa mpangilio usiobadilika, ambao mpiga solo alilazimika kuufuata kila alipobuni jambo lake. Aliyewahi kulisikiliza sebene anaijua hali hiyo hata kama hajawahi kuipa jina: gitaa la ridhimu huzungusha kodi zilezile, na kwa sababu hiyo msikilizaji anajua wakati wote yuko wapi na kitakachofuata ni nini. Coleman aliuondoa mzunguko huo, na huo ndio uhuru unaotajwa katika jina jazi huru. Mpiga solo akabaki na melodi, na mapigo, na masikio ya wenzake.

Cherry alikuwa ndani ya jambo hilo tangu mwanzo. Baadaye alipiga na wapiga saksafoni Sonny Rollins na Albert Ayler, kisha akaenda Ulaya, na mwaka 1965 alikuwa na kundi Paris lililowakusanya Mwargentina, Mjerumani, Mfaransa na Mwitaliano, watu wasiokuwa na lugha moja ya kuzungumza wote kwa pamoja. Mjerumani huyo, Karl Berger, mpiga vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti, amesimulia jinsi Cherry alivyokuwa akisikiliza redio ya masafa mafupi, akanasa nyimbo kutoka kila pembe ya dunia na kuwaletea wenzake wazipige. Sisi tuliokulia katika nyumba ambamo redio ya betri ilizungushwa usiku kutafuta stesheni tunaweza kuiona picha hiyo bila shida. Wimbo mmoja unaingia, unafifia, mwingine unachukua nafasi yake, kisha ule wa kwanza unarudi pale mkono unapogusa kitufe tena. Sijasoma popote kwamba Cherry aliifananisha albamu yake na redio, lakini mimi huisikia hivyo.

Kutoka Paris alikuja na yule Mwargentina, Gato Barbieri, mpiga saksafoni ya tenor, ile yenye sauti nzito kiasi, kutoka mji wa Rosario. Kwenye besi, ile kubwa inayopigwa kwa kusimama, yupo Henry Grimes wa Philadelphia, aliyekwisha kuzunguka Ulaya na Cherry wakiwa na Rollins. Kwenye ngoma yupo Ed Blackwell wa New Orleans, ambaye naye alikuwa amepitia kundi la Coleman. Hakuna piano na hakuna gitaa. Tafadhali uyashike majina haya manne kabla ya kubonyeza chochote, kwa sababu sauti nne ni chache, na sikio linaloijua kila sauti kwa jina la mwenyewe halichanganyikiwi upesi.

Katika albamu hii Cherry ameandikwa kuwa anapiga korneti, ndugu wa tarumbeta ambaye bomba lake hupanuka polepole zaidi na kwa hiyo hutoa sauti ya mviringo kidogo. Watu wengi humkumbuka akiwa na tarumbeta ndogo ya mfukoni, ambayo bomba lake lina urefu uleule wa tarumbeta ya kawaida ila limekunjwa mara nyingi zaidi. Kwa msikilizaji anayeanza, tofauti kati ya ala hizi ni ndogo, na hapa nitatumia neno tarumbeta kwa zote.

Hatua ya kwanza: mahali, chombo na wakati

Usisikilize kwa spika ya simu. Spika hiyo huimeza besi yote, na besi ikimezwa, Henry Grimes ametoweka, na kundi lenye watu wanne limebaki na watatu wanaoonekana kuelea hewani. Nilikosea hivyo kwa miezi kadhaa, nikidhani kwamba muziki huu hauna msingi, hadi siku nilipovaa hedifoni za kawaida, zisizo za bei kubwa, nikasikia nyayo zikitembea chini ya kila kitu. Hedifoni yoyote nzuri kiasi inatosha, au spika mbili zilizowekwa mbalimbali sebuleni.

Albamu inapatikana katika huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Kama bando lako linakwisha upesi au mtandao unakatika, ipakue kwanza, kwa maana mkatiko wa sekunde mbili katikati ya kipande cha dakika 20 unavunja uzi ambao ulikuwa umeanza kuushika. Zima uchezaji wa nasibu na ule wa nyimbo za kufuatana zenyewe. Tenga dakika 20 kwa siku, si 40. Upande mmoja kwa wakati mmoja unatosha sana, na ndivyo santuri yenyewe ilivyomlazimisha msikilizaji wa 1966 kusimama na kuigeuza.

Hatua ya pili: usikilizaji wa kwanza, bila kazi yoyote

Anza na upande wa kwanza, unaoitwa Complete Communion kama albamu yenyewe. Keti na usikilize kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuandika na bila kurudisha nyuma. Katika usikilizaji huu lengo lako ni moja tu, nalo ni kufika mwisho.

Utakutana na mambo matatu yatakayokusumbua, na ni vizuri uyajue mapema. La kwanza, wapulizaji wawili wanaanza pamoja, lakini hawajapigwa pasi. Noti zao hazilingani kwa usafi wa bendi ya shule, mmoja anatangulia kwa nukta, mwingine anachelewa. Hilo ni la makusudi. Walijifunza kwa Coleman kwamba watu wawili wanaoimba melodi moja, kila mmoja kwa pumzi yake, wanasikika kuwa ni watu wawili kweli. Anayewajua waumini wakiitikia pamoja bila kiongozi wa kwaya anaufahamu uzuri huo. La pili, Barbieri atafika mahali ambapo saksafoni inanguruma na kupiga kelele kama koo la binadamu lililokauka. Usiiache albamu hapo. La tatu, utapotea. Kuna wakati hutajua kama wimbo ni uleule au ni mwingine, na utajiuliza kama wao wenyewe wanajua. Wanajua, na hatua inayofuata itakuonyesha.

Hatua ya tatu: zishike melodi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ningependa msomaji aipe wiki nzima bila kuionea haraka.

Upande wa kwanza una melodi nne, zenye majina Complete Communion, And Now, Golden Heart na Remembrance. Zimeunganishwa bila kituo, hivyo kwamba mtandaoni utaona wimbo mmoja wenye jina refu lenye mistari ya mkato. Katika albamu nyingi za jazi za wakati huo, melodi hupigwa mwanzoni, solo zikafuata mmoja baada ya mwingine, kisha melodi ikarudi mwishoni kufunga. Cherry hakuridhika na mpango huo. Kwake melodi inaweza kurudi wakati wowote. Katikati ya solo ya saksafoni, tarumbeta inaingia na noti tatu au nne za melodi iliyokwisha kupita, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe neno walilolianza asubuhi, na saksafoni inaitikia, au inakataa, au inalichukua neno lile na kuligeuza. Mara nyingine kipande kidogo hicho ndicho ishara ya kuhamia kwenye melodi mpya, na wote wanne wanageuka pamoja kama kundi la ndege.

Kwa hiyo asiyezijua melodi hasikii lolote kati ya hayo. Anasikia saksafoni inayohangaika na tarumbeta inayodakia. Anayezijua anasikia mazungumzo yenye kumbukumbu.

Namna ya kuzishika ni hii. Cheza dakika ya kwanza ya upande wa kwanza, kisha simamisha. Jaribu kuiimba melodi uliyoisikia, kwa sauti, kwa silabi zozote unazozipenda. Wapiga ngoma wetu hufundishana kwa silabi za kinywa tangu zamani, na njia hiyo inafaa hapa pia: ta-ra-rii, pa-pa, lolote lile, mradi linafuata mpando na mshuko wa sauti. Huhitaji kuwa na sauti nzuri. Rudia dakika hiyohiyo mara tano au sita hadi silabi zako zikae, kisha ipe melodi jina lako mwenyewe. Ya kwanza mimi naiita Hodi, kwa sababu inasikika kama mtu anayebisha mlango akiwa na habari mkononi na asiyeweza kusubiri kufunguliwa. Jina la kwako litakuwa jingine, na litakufaa kuliko langu, maana kazi yake ni kukupa mahali pa kuitundika kumbukumbu.

Kesho yake sogea mbele hadi mahali ambapo wapulizaji wote wawili wanakutana tena juu ya jambo jipya, na ufanye vilevile. Dalili ya melodi mpya ni hiyo: sauti mbili zinaungana, ngoma inabadilisha mwendo, na kwa sekunde chache kila mtu yuko mahali pamoja. Usijisumbue kutafuta mpaka kamili kati ya melodi ya pili na ya tatu, kwa sababu mipaka imeachwa wazi kwa hiari. Kama baada ya siku nne una melodi tatu kichwani badala ya nne, endelea. Ya nne itakuja yenyewe utakapokuwa unasikiliza jambo jingine.

Nakumbuka jioni moja, siku ya tano au ya sita ya zoezi hili, nilikuwa nimekaa kibarazani na hedifoni, nimeacha kuhesabu. Barbieri alikuwa katikati ya solo, akipanda juu kwa hasira, au nilivyodhani mimi kwamba ni hasira, na nyuma yake, kwa sauti ya chini kabisa, tarumbeta ikanong'ona noti chache. Ilikuwa Hodi. Nilizitambua kabla sijafikiri, kama unavyoitambua sauti ya mtu wa nyumbani sokoni, na papo hapo solo iliyokuwa ikinichosha ikawa na maana: alikuwa akijibiwa. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena mara tatu, nikihofia kwamba nimejidanganya. Sikuwa nimejidanganya.

Hatua ya nne: chora ramani

Ukiwa na melodi kichwani, chukua karatasi na rula. Chora mstari wa sentimita 20 kwa upande wa kwanza, kila sentimita ikiwa dakika moja, na ucheze kipande chote huku ukitazama saa ya kifaa chako. Kila unapoisikia melodi mojawapo, nzima au kipande tu, weka alama juu ya mstari: duara kwa ya kwanza, pembetatu kwa ya pili, na kuendelea. Chini ya mstari andika nani anaongoza, T kwa tarumbeta, S kwa saksafoni, B kwa besi, N kwa ngoma. Mahali wanapoongoza wawili andika herufi mbili.

Ramani yako ya kwanza itakuwa na makosa, na ya pili itakuwa na alama nyingi zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu sikio linaendelea kufunguka. Weka tarehe juu ya kila karatasi. Jambo ambalo ramani inalionyesha, na ambalo maneno hayawezi kulionyesha vizuri, ni kwamba hakuna sehemu ndefu iliyoachwa bila alama. Kile kilichoonekana kuwa pori kina njia zinazokatana kila baada ya muda mfupi. Neno la Kiingereza communion, lililo katika jina la albamu, ni lilelile linalotumika kanisani kwa meza ya Bwana, na sisi katika Kiswahili tunaweza kuliita Ushirika Kamili bila kupoteza kitu, kwa kuwa ushirika kwetu ni wa madhabahuni, na pia ni wa wakulima wanaouza kahawa yao pamoja. Karatasi yenye alama hizo ndiyo picha ya ushirika wenyewe.

Hatua ya tano: shuka chini, kwenye besi na ngoma

Sasa cheza upande wa kwanza ukiwa umeamua kutowafuata wapulizaji kabisa. Mfuate Grimes peke yake kwa dakika 5 za mwanzo. Anachokifanya kwa sehemu kubwa ni kutembea: noti moja kwa kila pigo, vidole vikivuta nyuzi nene, mwendo thabiti unaokwenda mbele. Huyu ndiye anayekuhakikishia kwamba uhuru wa muziki huu haukuondoa mapigo. Gusa goti lako kwa kidole pamoja naye. Watu wanaosema kwamba jazi huru haina mdundo hawajawahi kuligusa goti lao wakati Grimes akitembea.

Nitasema jambo moja kuhusu maisha yake, kwa kuwa linabadilisha namna ninavyomsikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Henry Grimes alitoweka katika muziki, na wengi waliamini kwamba amefariki. Mwaka 2002 alipatikana Los Angeles akiwa hai, akiishi maisha ya dhiki na hana besi. Mpiga besi William Parker akampelekea ala, naye akarudi jukwaani na kupiga kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2020. Mtu unayemsikia katika santuri hii alikuwa na miaka 30, na kimya chote hicho kilikuwa bado kiko mbele yake.

Kisha mfuate Blackwell. Mpiga ngoma wa kawaida wa jazi huyabeba mapigo kwenye matoazi, yale masahani ya shaba, na ngoma zenyewe hutumika kutia chumvi. Blackwell anazipiga ngoma kana kwamba zina noti. Kila ngoma ina sauti yake iliyopangwa, na anaweza kukuimbia melodi kwa fimbo mbili. Alitoka New Orleans, mji wa bendi za matarumbeta zinazotembea barabarani, na gwaride hilo halikumtoka mikononi. Msikilizaji wa pwani yetu aliyewahi kuona beni, ngoma iliyochukua matarumbeta na gwaride la askari ikavigeuza kuwa mashindano na sherehe ya mtaa, atalitambua gwaride la Blackwell haraka kuliko wahakiki wengi wa London. Tega sikio hasa pale wapulizaji wanaponyamaza na kumwachia nafasi. Hajitapi kwa kasi. Anataja jambo, analirudia likiwa limegeuzwa kidogo, anasubiri, kisha anajijibu mwenyewe. Ukiwa umefanya hatua ya tatu vizuri, jiulize kila anapopiga peke yake kama hakuna melodi mojawapo iliyojificha ndani ya ngoma zake.

Hatua ya sita: wapulizaji wawili

Rudi juu sasa. Sauti ya Cherry si ile ya tarumbeta ya kijeshi, pana na yenye kung'aa. Ni nyembamba, ina nyufa, na mara nyingine noti inavunjika kabla haijakamilika. Tarumbeta ina vali tatu tu, na noti nyingi hupatikana kwa midomo. Mpigaji akiibonyeza vali nusu badala ya kuishusha yote, hewa hubanwa na noti hutoka imefifia na kupinda, kama neno lililosemwa mtu akiwa amegeuza uso. Cherry anazitumia noti hizo kwa makusudi. Walimlaumu kwa miaka mingi kwamba ufundi wake ni hafifu. Mimi nadhani waliomlaumu walikuwa wakipima kitu ambacho yeye hakuwa akikitafuta, kwa maana sikiliza jinsi anavyoweza kusema neno fupi, la noti tano, kisha akanyamaza, na ule ukimya ukawaelekeza wenzake watatu pa kwenda.

Barbieri yuko upande wa pili wa tabia hiyo. Yeye anajaza. Sauti yake ni nene, na anapotaka kuongeza nguvu ananguruma kwa koo huku akipuliza, hivyo sauti mbili zinatoka kwa pamoja ndani ya bomba moja. Wengi walimjua baadaye kwa muziki wa filamu na kwa jazi yenye mahadhi ya Amerika Kusini, na wakirudi hapa hushtuka. Ushauri wangu ni kwamba usilipime kila paza la saksafoni kama hasira. Ni kweli kwamba Watts, mtaa aliokulia Cherry, ulikuwa umewaka moto Agosti ya mwaka huohuo, na hakuna mwanamuziki mweusi wa Marekani aliyekuwa hajui. Lakini anayepaza hapa ni Mwargentina, na ukisikiliza kinachomfanya apaze, mara nyingi ni neno dogo alilotupiwa na tarumbeta. Ni furaha ya mtu aliyeelewa, ambayo imezidi uwezo wa ala.

Zoezi la hatua hii ni fupi: chagua dakika 3 ambazo wote wawili wanapiga kwa wakati mmoja, na uzisikilize mara mbili, mara ya kwanza ukiwa upande wa tarumbeta, mara ya pili upande wa saksafoni. Mara ya tatu, jaribu kusimama katikati.

Hatua ya saba: geuza santuri

Upande wa pili unaitwa Elephantasy, jina lililounganisha tembo na ndoto za mchana, na melodi zake nyingine ni Our Feelings, Bishmallah na Wind, Sand and Stars. Msomaji wa Kiswahili atasimama kwenye Bishmallah, iliyoandikwa hivyo, na pengine atategemea kusikia mahadhi ya kaswida. Asiyatafute huko. Ni jina la melodi ya jazi, na linatukumbusha tu kwamba dunia ya Cherry ilikuwa imekwisha kupanuka kuvuka mipaka ya Marekani.

Kwa upande huu huna haja ya kurudia hatua zote kwa taratibu ileile. Sikio lako limekwisha kujifunza kutafuta mahali wanapokutana, na utagundua kwamba melodi ya kwanza unaishika siku ya kwanza, pengine hata ya pili. Chora ramani moja tu. Ningependa hata hivyo usizisikilize pande mbili mfululizo hadi uwe umezifahamu zote kwa kutengana, kwa sababu melodi nane zikimwagwa kwa pamoja juu ya sikio changa, huchanganyika, na kazi ya wiki mbili hulegea.

Ukikwama

Kama melodi hazikai kichwani hata baada ya wiki, punguza: shika ile ya kwanza tu, na usikilize upande wote ukiitafuta hiyo peke yake. Kama saksafoni inakuumiza masikio, shusha sauti, kwa maana muziki huu haupotezi kitu ukisikilizwa kwa sauti ya wastani. Kama usingizi unakuchukua, sikiliza ukitembea, na hapo Grimes atakuwa mwenzako mzuri wa njia. Na kama wa nyumbani wanalalamika, waimbie Hodi yako kabla ya kuwawekea santuri. Nimeshuhudia mtoto wa miaka 8 akiidaka melodi kutoka kinywani mwa mama yake, kisha akainyooshea kidole spika kila iliporudi, na hakuikosa hata mara moja.

Pa kwenda baada ya hapa

Albamu iliyofuata ya Cherry, Symphony for Improvisers, ilirekodiwa Septemba 1966 kwa mpango uleule wa melodi zinazofuatana bila kituo, lakini ikiwa na watu saba, wakiwemo Barbieri, Grimes, Blackwell na yule Karl Berger wa Paris. Mimi nisingeianza hiyo mara moja. Ningeruka hadi Mu, iliyorekodiwa Paris Agosti 1969 katika sehemu mbili, ambamo wamo Cherry na Blackwell peke yao. Hakuna besi wala saksafoni. Kuna tarumbeta, filimbi, piano, sauti ya mtu na ngoma. Kwa kuwa ni wawili, unaweza kusikia wazi nani amesema na nani amejibu, na mambo mengi uliyoyatafuta kwa shida katika Complete Communion yatakuwa mbele yako kama kete juu ya bao. Isikilize sehemu ya kwanza ya Mu kwa wiki moja, kisha siku hiyohiyo unayoimaliza, weka tena dakika ya kwanza ya Complete Communion, ukiwa na karatasi yako ya kwanza mkononi, na uziongeze alama zilizokuwa zimekupita.